Namna ya kumuuliza mgombea urais kuhusu ahadi zake: mwongozo wa mpiga kura wa Kenya

Kila kampeni zikinukia, maswali ni yaleyale. "Mimi si mwanahabari, nitamfikia wapi?" "Nimuulize vipi asinizungushe?" "Nikiuliza, vijana wake hawatanifurusha?" Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, na maswali hayo yameanza tena. Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Mwongozo huu ni wa mpiga kura wa kawaida: mama mboga, mwalimu, dereva wa boda, mwanafunzi wa chuo. Kazi kubwa utaifanya nyumbani. Swali lenyewe, likifika kinywani, halizidi nusu dakika.

Shida ya maswali mengi yanayoulizwa wanasiasa wetu ni kwamba hayamlazimu mtu kujibu. "Mheshimiwa, sisi vijana utatusaidiaje?" Hapo umemkabidhi jukwaa, atahutubia dakika kumi, mtapiga makofi, atapanda gari aondoke. Unachotaka ni swali ambalo jibu lake litakuachia kitu cha kumshikia baadaye: kiasi cha pesa, tarehe, au ofisi itakayofanya kazi hiyo. Akikosa kukupa hata kimoja, hilo nalo ni jibu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maneno ya ahadi yenyewe, kama yalivyotamkwa au kuandikwa. "Nasikia atatupa pesa" haitoshi.
- Katiba ya 2010. Inapatikana bure mtandaoni. Hutaisoma yote, utahitaji zaidi Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti.
- Simu yenye chaji, kikokotoo na nafasi ya kurekodi.
- Daftari dogo. Simu huzima, na kwenye mkutano huporwa.
- Mtu mmoja wa kwenda naye. Huyu ndiye atakayerekodi wewe ukiuliza.

Pesa hazihitajiki. Mtu akikutoza chochote ili akupe nafasi ya kuuliza, achana naye. Na ukipewa "nauli" ili uulize swali fulani au ulinyamazie, usipokee: chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, hongo ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia.

Hatua ya 1: Chagua ahadi moja tu

Moja. Najua una mambo saba yanayokuchoma. Ukitaja mawili, mgombea atachagua lililo rahisi na kulisahau lile jingine, na hakuna atakayeona kwamba amekwepa. Chagua lile unalolijua kwa maisha yako mwenyewe. Mvuvi aulize kuhusu uvuvi, mwenye mtoto sekondari aulize kuhusu karo. Mtu anayeuliza jambo analoliishi hatishwi kirahisi na takwimu za jukwaani.

Hatua ya 2: Tafuta maneno yake halisi

Usisubiri manifesto. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa Raila Odinga, walizindua yao tarehe 6 Juni katika uwanja wa Nyayo, na Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, wakazindua yao tarehe 30 Juni kule Kasarani. Uchaguzi ulikuwa 9 Agosti. Yaani kwa manifesto ya pili mpiga kura alikuwa na siku 40 za kusoma, kuelewa na kuuliza, huku kampeni rasmi zikifungwa hata kabla ya hapo. Muda huo hautoshi. Anza na hotuba na mahojiano ya redio na televisheni, kisha manifesto ikitoka ulinganishe. Ahadi iliyotolewa jukwaani ikakosekana kwenye manifesto ni swali tayari.

Andika nani alisema, wapi, tarehe gani, na maneno yenyewe. Kama ni video, andika na dakika yake.

Tahadhari: picha zenye nukuu zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp si ushahidi. Nyingi hutengenezwa na wapinzani, na ukisimama kuuliza kwa kutumia nukuu ya uongo, mgombea atasema "sijawahi kusema hivyo" na atakuwa anasema kweli. Umeisha hapo.

Hatua ya 3: Jua ahadi hiyo hutimizwaje

Hapa ndipo wengi huteleza. Jukwaani ahadi zote husikika namna moja, "nitafanya", lakini njia za kuzitimiza ni tofauti kabisa, na swali lako litafuata njia hiyo. Mimi huzigawa hivi.

*Za kalamu.* Rais anazitimiza kwa agizo. Wakazi wa Mombasa wana mfano wao: mizigo iliyokuwa ikilazimishwa kupanda SGR, reli mpya ya kisasa, hadi Nairobi. William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na katika hotuba ya siku hiyohiyo akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandarini Mombasa. Ahadi ya namna hii haihitaji "tutaunda jopo". Uliza siku.

*Za pesa.* Hizi zinasubiri bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Rais mpya anayeapishwa Agosti au Septemba anakuta bajeti iliyopangwa na serikali iliyotangulia tayari inatumika. Kwa hiyo ukisikia "katika siku zangu 100 za kwanza nitajenga, nitalipa, nitaajiri", piga hesabu. Kwa rais aliyeapishwa 13 Septemba 2022, siku ya 100 ilikuwa 22 Desemba, katikati ya bajeti ya mtu mwingine. Pesa zitoke wapi? Ni mojawapo ya mawili: bajeti ya ziada ipitishwe na Bunge, au kitu kingine kikatwe. Muulize ni kipi.

*Za sheria.* Zinahitaji Bunge, na rais hapigi kura bungeni. Kupunguza au kuongeza kodi kumo humu. Sote tuliona Mswada wa Fedha wa 2024 ulivyopita bungeni tarehe 25 Juni na rais alivyokataa kuutia saini siku iliyofuata. Uliza mswada utawasilishwa lini, na ana wabunge wa kutosha au atawatafuta wapi.

*Za kura ya maamuzi.* Muda wa rais kukaa madarakani, malengo na muundo wa ugatuzi, Sheria ya Haki: vitu hivi viko kwenye Kifungu cha 255, na haviguswi bila wananchi kupiga kura ya maamuzi. Mgombea anayeahidi kuvibadilisha "mara moja" hajaisoma Katiba, au anatumaini wewe hujaisoma.

*Za kaunti.* Hizi ndizo nyingi kuliko unavyodhani. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, huduma za maji: Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti. Serikali kuu imebaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu, barabara kuu, ulinzi. Mgombea urais akikuahidi soko jipya, hasemi uongo lazima, kwa kuwa serikali kuu inaweza kutoa pesa au kushirikiana na kaunti. Lakini atakuwa anaahidi kazi ya gavana, na una haki ya kuuliza wamekubaliana nini na ardhi ya soko ni ya nani.

Ahadi moja huweza kuangukia mafungu mawili. Bima ya afya inataka sheria na pesa pia. Chukua fungu gumu zaidi, ulizia hapo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya harakaharaka

Usiogope. Ni kuzidisha tu. Unahitaji namba mbili, watu wangapi na kiasi gani kwa kila mtu, na mara nyingi mgombea mwenyewe amezitaja.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2022 Raila Odinga aliahidi Sh6,000 kila mwezi kwa familia milioni 2 zisizojiweza.

6,000 mara 2,000,000 ni Sh12 bilioni kwa mwezi.
Mara miezi 12 ni Sh144 bilioni kwa mwaka.

Sasa namba hiyo ilinganishe na kitu, maana "bilioni" masikioni mwa watu ni "nyingi" tu. Mwaka wa fedha wa 2022/23, kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa Sh370 bilioni. Bajeti nzima ya taifa ilikuwa takriban Sh3.3 trilioni. Kwa hiyo ahadi ile ilikuwa zaidi ya thuluthi moja ya mgao wa kaunti zote, lakini kwenye bajeti nzima ilikuwa kama shilingi 4 na senti kadhaa katika kila shilingi 100.

Unaona? Hesabu haikukuambia kwamba haiwezekani. Ukitumia mlinganisho wa kwanza peke yake utamfanya mgombea aonekane mwendawazimu. Ukitumia wa pili peke yake utafanya ahadi ionekane chenji. Nenda na yote mawili, ndipo uulize: "Sh144 bilioni kwa mwaka, zitatoka kwenye kodi mpya, mkopo, au kukata matumizi mengine? Yapi?"

Tahadhari: hesabu yako imkague mtu mwingine kabla hujatoka. Kukosea sufuri moja hadharani ni kumpa mgombea kicheko cha bure, na atakitumia hadi Busia.

Hatua ya 5: Angalia ahadi hii ilishawahi kutolewa

Ahadi nyingi zina wazee wake. Mwaka 2013 Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta, waliahidi kompyuta za mkononi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilifutwa, na mwaka 2016 vilivyoanza kuingia shuleni vilikuwa tabuleti. Mradi wa Galana-Kulalu, ulioanza mwaka 2014 kwenye mpaka wa Kilifi na Tana River, ulitajwa kama ekari milioni moja za kilimo cha umwagiliaji. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000. Na sisi wa Mombasa tumesikia habari za daraja la Likoni kutoka kwa serikali moja hadi nyingine, huku foleni ya feri ikiwa palepale.

Si kwamba unataka kumsuta mgombea kwa dhambi za wengine. Unataka kumuuliza: "Ilikwama wapi, na wewe utafanya nini tofauti hapo ilipokwama?" Hilo ni swali zuri kuliko yote ninayoyajua. Mgombea aliyejiandaa huling'amua na kulifurahia. Asiyejiandaa huanza kumlaumu mtangulizi.

Kwa rais anayetetea kiti, fanya kazi ndogo zaidi: fungua manifesto yake ya awali, chagua mstari mmoja wenye namba, uliza umefikia wapi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi kwa umma. Ni ndefu na zinachosha. Tafuta jina la mradi wako tu, soma kurasa mbili za hapo, funga.

Hatua ya 6: Andika swali, kisha likate

Andika kama linavyokujia. Halafu kata hadi lisomeke kwa sekunde 20.

La kwanza la mtu huwa hivi:

"Mheshimiwa, kwanza nakushukuru kwa kufika kwetu, na nakupongeza kwa kazi. Sisi hapa tuna shida nyingi, barabara, maji, vijana hawana kazi, na mambo ya karo yametulemea, sasa tunataka kujua, ukipata serikali, utatukumbuka?"

Jibu ni "nitawakumbuka". Makofi. Kwaheri.

Likatwe hivi:

"Sh144 bilioni kwa mwaka ndiyo gharama ya ahadi yako ya Sh6,000 kwa familia milioni 2. Mwaka wa kwanza utaanza na familia ngapi, na pesa zitatoka wapi?"

Namba imekuja mwanzo kabisa, na sababu yake utaiona Hatua ya 8. Hakuna pongezi. Hakuna lawama pia: maneno kama "mnatudanganya" yakiingia, mgombea anajibu lawama na kuliacha swali. Na hakuna "je, unaweza", kwa kuwa kila mgombea anaweza kila kitu.

Ujue pia jibu zuri linafananaje, usije ukalipata ukalikataa. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilikuja na vitu vya kushika: mkopo wa kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Uipende au usiipende, hapo mtu anaweza kupima. Hata George Wajackoyah, mgombea urais wa 2022, na bangi yake ya kulipia deni la taifa alikuwa na chanzo cha mapato alichokitaja kwa jina. Kilichobaki ilikuwa kumuuliza tani ngapi, na nani atanunua.

Hatua ya 7: Tafuta mahali ambapo maikrofoni huwafikia watu

Msafara wa barabarani, mgombea akiwa amechomoza juu ya gari, sahau. Dakika kumi, muziki, anaondoka. Ukipiga kelele ya swali pale utaonekana mtu wa fujo tu.

Mikutano ya makundi ndiyo bora: wafanyabiashara, walimu, wavuvi, chama cha boda, wanawake, watu wenye ulemavu. Kabla ya uchaguzi wa 2022 Kenya Kwanza walizunguka kaunti mbalimbali na vikao vya kiuchumi ambako watu wa kawaida walisimama kueleza shida zao. Vikao vya aina hii hupangwa na mtu wa hapohapo mtaani. Mtafute siku mbili tatu kabla, jitambulishe, mwambie kundi lako na mada unayotaka kuizungumzia. Mada, si swali lenyewe. Ukimpa swali neno kwa neno litafika kwa wapambe usiku huohuo, na asubuhi utaambiwa nafasi zimejaa.

Redio za kaunti na za lugha za mama ni njia ambayo watu wanaidharau bila sababu. Wagombea wakizuru eneo hupita studio, na kipindi hupokea simu. Piga mapema kabla mgombea hajaanza kuongea, kwa sababu mstari ukishajaa umejaa. Mtangazaji anayekujua kwa simu za siku nyingine atakupokea haraka.

Midahalo ya televisheni usiitegemee. Mwaka 2013 wagombea wote wanane walijitokeza. Mwaka 2017 Raila alisimama peke yake kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakuja. Mwaka 2022 Ruto alisimama peke yake kwa kuwa Raila hakuja. Waandalizi wakipokea maswali ya umma mtandaoni, tuma lako, lakini usikae ukisubiri.

Humpati mgombea mwenyewe? Muulize mgombea mwenza, au mgombea ubunge wa chama hichohicho. Huyu wa ubunge nampenda hasa kwa zile ahadi za sheria, kwa kuwa yeye ndiye atakayepiga kura bungeni. "Wewe utaunga mkono mswada huo?" ni swali lisilo na mahali pa kujificha.

Tahadhari mbili hapa. Usiulize ibadani, msikitini au kanisani, hata kama mwanasiasa amepewa nafasi ya kusalimia. Watu watakukasirikia wewe na swali litapotea. Na usimtake chifu akupangie nafasi. Chifu ni mtumishi wa umma, haruhusiwi kujiingiza kwenye kampeni, na utamtia matatani.

Hatua ya 8: Uliza

Fika mapema, kaa kando ya njia ya katikati ambako mshika maikrofoni hupita. Vaa nguo isiyo na rangi ya chama chochote. Hili dogo lina uzito: ukivaa rangi za wapinzani, swali lako litajibiwa na umati kabla mgombea hajafungua mdomo.

Msaidizi wa mgombea mara nyingi hakupi maikrofoni. Anaishika yeye, anakusogezea mdomoni. Usiing'ang'anie. Isogelee, sema jina lako la kwanza na unakotoka, kisha namba yako mara moja. Akihisi swali ni gumu, mkono wake utaanza kurudi nyuma. Utauona. Kama namba ulishaitamka, swali limekwisha kusikika hata akiikata sentensi katikati. Ukiwa bado uko kwenye salamu, umebaki na salamu.

Baada ya kuuliza, baki umesimama. Usikae mpaka ajibu. Mtu aliyesimama akisubiri anaonekana na kamera, na mgombea anamwona.

Hatua ya 9: Swali la pili

Uwe nalo tayari, maneno yasiyozidi kumi. "Mwaka gani, Mheshimiwa?" "Ofisi gani itafanya?" "Kwa kodi au kwa mkopo?" Maikrofoni itakuwa imeondoka, kwa hiyo litamke kwa sauti ya juu yenye heshima, mara moja. Usilirudie mara tatu. Mara moja ni swali, mara tatu ni vurugu, na walinzi wanajua tofauti.

Hatua ya 10: Liandike jibu siku hiyohiyo

Swali, jibu, mahali, tarehe, nani alishuhudia. Hata jibu likiwa "tutaliangalia", liandike hivyohivyo. Kisha sambaza klipu nzima, swali na jibu pamoja. Ukikata jibu lionekane baya zaidi, wafuasi wake watatoa klipu kamili na jina lako ndilo litakalochafuka.

Ukikwama

*"Amenijibu kwa mzaha, watu wakacheka."* Cheka nao, kisha tamka swali lako la pili. Mzaha huwa na nguvu mtu akinuna.

*"Amesema yote yako kwenye manifesto."* Ndiyo maana uliisoma. "Niliisoma, Mheshimiwa, mwaka haukutajwa." Kama hukuisoma, nyamaza, nenda kaisome, ulizia redioni.

*"Amesema pesa zitatoka kwa kuziba mianya ya wizi."* Jawabu hili ndilo kimbilio la wote, na lina msingi: Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema serikali hupoteza zaidi ya Sh2 bilioni kila siku. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya Sh730 bilioni, zinatosha kulipia karibu ahadi yoyote. Ila pesa iliyoibwa haiko kwenye sanduku ikisubiri kufunguliwa. Uliza: "Mwaka wa kwanza utazuia kiasi gani, na ukikosa kukipata, ahadi hii itaendelea au itasimama?"

*"Amesema hiyo ni kazi ya gavana."* Kama ni kweli, mshukuru, umepata mgombea mkweli. Kisha muulize mbona aliiahidi.

*"Nimezomewa."* Huwapata hasa wanawake na vijana, na haifurahishi. Kaa, usijibizane na umati. Mkiona vijana wanasogea upande wenu, ondokeni wawili pamoja, kwa mlango ule mliouona mlipoingia. Swali linaweza kuulizwa kesho kwa simu ya redio, ambako hakuna wa kukusukuma.

*"Wameninyima nafasi kabisa."* Liandike swali kwenye karatasi, weka tarehe, lipeleke ofisi ya chama, piga picha ukilikabidhi. Halafu liweke chini ya video za mgombea na uwaombe majirani waulize lilelile, kwa maneno yaleyale. Watu 20 wenye swali moja huzua habari. Watu 20 wenye maswali 20 ni kelele.

*"Alishinda, na sasa kimya."* Hapo unabadilisha njia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Andika barua au barua pepe kwa wizara husika, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Taja mradi, mwaka wa fedha, na unachotaka: kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotumika, mahali. Usiandike "mbona hamjatimiza ahadi", maana hilo si ombi la habari na litawekwa kando. Siku 21 zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na nakala ya barua yako ya kwanza, ile yenye muhuri wa kupokelewa. Kama uliituma kwa barua pepe, chapisha ukurasa unaoonyesha tarehe na saa.